Turbo inunuliwe mwisho

Kijana alifika gereji ya Ilala, Dar es Salaam, na turbo kaifunga ndani ya salfeti. Nje alikuwa ameegesha Toyota Mark II GX 110, safi, iliyong'arishwa hadi kwenye rimu. "Shikamoo, fundi. Turbo nimeshapata, naomba unifungie."

"Marahaba." Fundi aliipokea, akaushika mhimili wake kwa vidole viwili na kuutikisa taratibu. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, injini yako ulipima kompresheni lini?"

Kijana alinyamaza. Nilikuwa nimekaa pembeni nikisubiri gari langu, na tangu siku hiyo swali lile halijanitoka. Vijana wetu wengi wanaanza na turbo kwa sababu inaonekana na ina sauti, na hela yao ya kwanza mfukoni huishia hapo. Miezi michache baadaye injini imekufa, na akiba ya mwaka mzima imekwenda nayo. Mwenye bajeti ndogo anahitaji mpango kuliko tajiri, maana yeye hana pesa ya kukosea mara ya pili.

Turbo hutumia moshi ambao ungetupwa nje. Moshi huzungusha gurudumu dogo, mara nyingi zaidi ya 100,000 kwa dakika, nalo huzungusha gurudumu la pili kwenye mhimili huo huo, linalosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hapa pwani hewa ina presha ya baa 1 hivi. Turbo ikiongeza baa 0.7, injini inavuta kama baa 1.7. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi, na joto litazidi. Mzigo huo wote unabebwa na pistoni, ringi, beringi, gasketi ya silinda hedi, rejeta, kluchi na breki.

GX 110 ya yule kijana ina injini ya 1G-FE, silinda sita, lita 2.0, nguvu farasi zipatazo 160. Ni injini tulivu, lakini uwiano wake wa mgandamizo ni 10 kwa 1, uliopangwa kwa hewa inayovutwa bila kusukumwa. Ukiisukumia hewa ya turbo, mchanganyiko huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kama nyundo. Kuizuia hali hiyo kwa uhakika kunadai pistoni nyingine, nozeli kubwa zaidi na kontrolboksi inayoweza kupangwa upya. Jumlisha gharama hizo na ufundi wake, utakuta umeipita njia iliyokuwa fupi.

Njia hiyo ni injini ambayo Toyota yenyewe iliizaa na turbo: 1JZ-GTE, lita 2.5. Ilifungwa kwenye JZX110, ndugu wa gari lile lile, lenye bodi ile ile. Tangu 1996 ilikuja na turbo moja na nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana kutokipita katika matangazo yao hadi 2004. Inunue ikiwa na giaboksi yake, wayaringi yake na kontrolboksi yake. Ukinunua injini tupu kwa bei ya kuvutia, utazunguka maduka ya vipuri ya Gerezani wiki nzima ukitafuta soketi moja ya sensa.

Kabla hujalipa, pima. Silinda zote sita zisomwe, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi takriban asilimia 10. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi wa rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Injini ikiwa bado sakafuni, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za krankshafti. Vifaa hivyo ni nafuu ukilinganisha na gharama ya kuishusha injini tena kwa ajili ya sili moja inayovuja.

Baada ya hapo fikiria joto. Hewa ya Dar yenye nyuzi 32, ikisukumwa kwa baa 0.7, hutoka kwenye turbo ikiwa imekaribia nyuzi 100. Intakula nzuri, inayoipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini, na rejeta isiyoziba vina thamani kuliko turbo kubwa. Mafuta nayo yana hesabu yake: kila nguvu farasi moja hudai kama sentimita za ujazo 6 za petroli kwa dakika. Nguvu farasi 280 zinadai 1,680, sawa na 280 kwa kila nozeli kati ya sita. Ukiacha nafasi ya asilimia 20, tafuta nozeli za 350 na pampu ya mafuta inayoweza kuzilisha.

Fungu ambalo halifai kuguswa kabisa ni la kupanga mafuta na moto kwenye kompyuta. Gari likitembea kawaida, sehemu 14.7 za hewa hutosha sehemu moja ya petroli. Turbo ikisukuma kwa nguvu, hewa inapaswa kushuka hadi karibu na 12. Sikio halisomi tofauti hiyo, kipimo ndicho kinachoisoma. Tenga robo ya bajeti kwa kazi hiyo na kwa breki. Ukibadilisha injini, namba yake iliyo kwenye kadi ya gari nayo hubadilika, kwa hiyo taarifa za TRA na za bima zirekebishwe pia.

Anayesafiri kwenda Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, atajua kwa nini ninalipenda jambo hili. Kule presha ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 18, na injini ya kawaida inahema. Turbo iliyofungwa vizuri inairudishia pumzi.

Siku ile fundi alileta kipimo chake. Silinda tano za GX 110 zilisoma karibu sawa. Ya sita ilikuwa chini mno. Kijana aliikodolea macho ile sindano, akaomba silinda hiyo ipimwe tena, ikarudi pale pale. Akaifunga turbo ndani ya salfeti, akaiweka kwenye buti, na kwa mara ya kwanza akaomba karatasi na kalamu.