Hekta 14 za kulisha, hekta 1.2 za kufundisha

Kila shule ya bweni ya kilimo huwa na ahadi moja kwa wazazi: chakula kitatoka shambani, kwa hiyo minervali, yaani karo, itapungua. Ahadi hiyo inapimika. Tuichukue shule ya wanafunzi 120 tuiweke Bogoro, kilomita 25 hivi kutoka Bunia mkoani Ituri, Kongo, kwenye njia ya kuteremkia Kasenyi na Ziwa Albert. Ni shule ya kwenye karatasi tu, ila matumbo yake tunayajua.

Mwanafunzi wa bweni anakula unga nusu kilo kwa siku na maharage gramu 100. Kwa siku 270 za bweni, hiyo ni tani 16.2 za unga, yaani mahindi tani 18 hivi ukitoa pumba, na maharage tani 3.2. Sombe, mafuta na chumvi tuviache kwanza.

Mkulima wa Kongo anayelima kwa jembe la mkono bila mbolea huvuna karibu kilo 800 za mahindi kwa hekta, na maharage kilo 600. Kwa mavuno hayo bweni letu linahitaji kulima hekta 28 kwa mwaka. Ituri ina misimu miwili ya mvua, kwa hiyo ni hekta 14 kila msimu, bila ardhi kupumzika.

Nani atalima? Hekta moja kwa jembe, tangu kufyeka hadi kuvuna, inakula siku 100 hivi za mtu mzima. Kijana wa miaka 16 ambaye bado anajifunza tumhesabu nusu mtu, na hapo simdharau. Zinakuja saa 280 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Zigawanye kwa wiki 36 za kazi: saa 8 kasoro kidogo kila wiki, ambazo ni nusu siku mbili, yaani takriban muda wote ambao ratiba ya kawaida inaweza kuutoa kwa vitendo. Zote zimeliwa na jembe. Haijabaki saa ya kitalu, ya kuchanja kuku dhidi ya kideri, wala ya kuandika daftari la mapato na matumizi. Isitoshe, palizi haisubiri. Saa hizo hazigawanyiki sawasawa, zinarundikana kwenye wiki chache ambazo majani yanashindana na mahindi, na ndizo wiki ambazo mwalimu wa hesabu anakuta darasa tupu.

Na faida yake? Tuseme kilo ya mahindi ni senti 40 za dola na ya maharage dola moja. Shamba likifaulu kabisa, bila mvua ya mawe wala mwizi, limeokoa dola 10,440, sawa na dola 87 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Toa mbegu, majembe na magunia. Kinachobaki ni msaada wa kweli kwa mzazi, maana Kongo ilifuta karo ya shule za msingi za serikali mwaka 2019 lakini sekondari bado analipa. Ila mshahara wa mwalimu hautoki humo.

Sasa weka pembeni shamba la kulisha, uangalie la kufundisha. Mpe kila mwanafunzi kiwanja cha mita 10 kwa 10. Viwanja 120 ni hekta 1.2 tu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, kiwanja kimoja kina mashimo 266 na mimea 530 hivi. Kijana anaihesabu iliyoota, anajaza iliyokufa, anapalilia, na siku ya kuvuna anapima. Akipata kilo 8 yuko kwenye wastani wa nchi. Akipata 20 amefikia tani mbili kwa hekta, na anaweza kueleza kwa nini. Hakuna mtihani wa maandishi unaosema ukweli kama mizani hiyo.

Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, hakutaka shule iwe na kishamba cha mazoezi pembeni. Alitaka shule yenyewe iwe shamba. Kwa heshima zote, hesabu za jembe la mkono zinampinga. Shule ya kilimo ya San Francisco huko Cerrito, Paraguay, ambayo shirika la Fundación Paraguaya liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifika kujilipia gharama zake yenyewe, lakini ilitegemea jibini na hoteli ndogo. Haikujaribu kushindana na bei ya gunia la mahindi.

Bogoro kuna sababu nyingine ya kuogopa hekta nyingi. Vita vya Ituri vilianzia Djugu mwaka 1999 kwa ugomvi wa ardhi. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ikashambuliwa, na shule, Institut de Bogoro, ambayo wapiganaji wa kundi la UPC walikuwa wameigeuza kambi, ikawa mahali ambapo watu waliokimbilia humo waliuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kiongozi wa wanamgambo, Germain Katanga, miaka 12 mwaka 2014 kwa kuchangia shambulio hilo. Mwaka 2017 ilikadiria hasara ya waathirika 297 kuwa dola 3,752,620, wastani wa dola 12,635 kwa mtu. Kila mmoja aliamriwa apewe dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa nyumba, elimu, kipato na afya ya akili. Mahali kama hapo, prefe, yaani mkuu wa shule, anayeomba hekta 14 anaomba ugomvi.

Kwa hiyo dawa ni kupandisha mavuno. Mahindi yakifika tani 2 na maharage tani 1 kwa hekta, kwa mbegu bora, kupanda mapema na samadi, bweni linashiba kwa hekta 6 kila msimu, na saa za jembe zinashuka hadi 3.3 kwa wiki. Ongeza ya kubeba samadi, ni 4. Samadi ya tani 5 kwa hekta ni tani 30 kwa mwaka. Ng'ombe anayelala zizini huacha takriban tani 2, basi ni ng'ombe 15. Wafugaji wapo, na shule haina haja ya kuwanunua ng'ombe: mapatano ya kulaza mifugo kwenye shamba lililovunwa yanatosha, na jirani wa aina hiyo ana faida nyingine ambazo hazipimwi kwa kilo.

Halafu kuna kuni, ambazo sijawahi kuziona kwenye karatasi ya minervali. Maharage hayaivi kwa dua. Kwa gramu 800 kwa mwanafunzi kwa siku, jiko linachoma tani 26 kwa mwaka. Mikaratusi inayotoa tani 10 kavu kwa hekta kila mwaka inadai hekta 2.6, karibu nusu ya shamba la chakula, na inabidi ipandwe miaka mitano au sita kabla mpishi hajaihitaji.