Kugeuza Aina katika Programu za Kompyuta: Njia Ipi Ichaguliwe, na kwa Sababu Gani?

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno moja laweza kuvaa umbo la ngeli moja na kuchukua upatanisho wa ngeli nyingine. Neno "kifaru" lina kiambishi ki-, lakini anapotajwa mnyama husemwa "kifaru amepita". Linapotajwa gari la vita husemwa "kifaru kimepita". Umbo la neno ni lile lile. Kilicho tofauti ni kile kinachotajwa, na upatanisho ndio unaomjulisha msikilizaji. Anayesikia jina peke yake, bila sentensi, hawezi kujua kama akimbie mnyama au ajifiche vita.

Lugha za programu zina tatizo la jinsi hiyo. Kila thamani inayohifadhiwa katika kompyuta ina aina yake: namba kamili, namba yenye desimali, maandishi, au kitu cha tabaka fulani. Mara kwa mara mtunga programu hulazimika kuitumia thamani ya aina moja mahali panapotakiwa aina nyingine. Kitendo hicho ndicho kinachoitwa kugeuza aina. Makala hii yakusudia kueleza njia zake kuu katika lugha zilizojengwa juu ya vitu, na kuonyesha kwamba kuchagua kati yake si suala la mazoea tu.

1. Mambo mawili chini ya jina moja

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni kugeuza thamani. Namba 9,6 ikigeuzwa kuwa namba kamili, hupatikana thamani mpya, yaani 9. Katika C++ na Java sehemu ya desimali hukatwa. Haikadiriwi kwenda juu. Tofauti hiyo si ndogo. Tuseme mwanafunzi amepata alama 12,8, 9,6 na 8,6 juu ya 20 katika masomo matatu yenye uzito sawa. Jumla ni 31, na wastani ni 10,33. Programu ikigeuza kila alama kuwa namba kamili kabla ya kujumlisha, jumla inakuwa 29 na wastani 9,67. Ikiwa kiwango cha kufaulu ni 10, mwanafunzi huyo aliyefaulu ameangushwa na mstari mmoja wa programu, wala hakuna tangazo lolote la kosa lililotolewa.

La pili ni kubadili mtazamo. Hapa kitu chenyewe hakibadiliki. Kinachobadilika ni jinsi programu inavyokitazama. Chukua daftari la chuo lenye tabaka "Mtu", na chini yake matabaka mawili yanayorithi kutoka kwake: "Mwanafunzi" na "Mwalimu". Kumtazama mwalimu kama mtu hakuna hatari, kwa sababu kila mwalimu ni mtu. Huko ni kupanda katika ngazi ya urithi, na lugha nyingi huruhusu bila mtunga programu kuandika lolote. Kushuka ni jambo jingine. Si kila mtu ni mwalimu. Anayedai kwamba mtu fulani ni mwalimu hana budi kutoa ushahidi.

Fikra hiyo ni ya zamani. Simula 67, lugha iliyoundwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard huko Oslo, ndiyo iliyoleta matabaka na urithi, na tayari ilikuwa na njia ya kushuka ngazi kwa kuhakikisha kitu wakati programu inaendeshwa.

2. Njia nne za C++

Lugha ya C ilikuwa na njia moja tu: kuandika jina la aina ndani ya mabano mbele ya thamani. C++ ilirithi njia hiyo. Ubaya wake ni kwamba alama ile ile moja hufanya kazi nyingi zisizolingana. Yaweza kukata desimali, kushuka ngazi ya urithi, kuondoa kizuizi cha kutobadilisha thamani, hata kusoma biti za kitu kimoja kana kwamba ni za kitu kingine. Msomaji wa programu hawezi kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Kwa sababu hiyo, kanuni rasmi ya C++ ya mwaka 1998 iliweka njia nne, kila moja na jina lake.

static_cast hutumika pale ambapo uhusiano kati ya aina mbili unajulikana kabla ya programu kuendeshwa. Haikagui chochote wakati wa kuendesha. Ikitumiwa kushuka kutoka "Mtu" hadi "Mwalimu", huamini neno la mtunga programu. Kama ni uongo, matokeo hayatabiriki.

dynamic_cast hukagua kitu chenyewe programu inapoendeshwa. Kama kitu si cha tabaka linalodaiwa, kielekezi hurudi kikiwa tupu. Ikiwa ni rejeo, kosa hutangazwa waziwazi. Hudai kwamba tabaka liwe na angalau mbinu moja inayoweza kuandikwa upya na warithi, na ukaguzi wake huchukua muda fulani.

const_cast huondoa au huongeza kizuizi cha kutobadilisha thamani, na hiyo ndiyo kazi yake pekee.

reinterpret_cast husoma biti zile zile kwa aina nyingine kabisa. Hufaa katika kazi zilizo karibu na mashine, na ni nadra kufaa kwingineko.

Bjarne Stroustrup, mwasisi wa lugha hiyo, alieleza kwamba majina hayo yalifanywa marefu na yasiyopendeza kwa makusudi. Jambo la hatari lionekane kuwa la hatari, na yeyote anayekagua programu aweze kulitafuta na kulipata.

3. Java na C#

Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilifuata njia nyingine. Kila kushuka ngazi ambako usahihi wake hauwezi kujulikana mapema hukaguliwa programu inapoendeshwa, na dai la uongo husimamisha kazi kwa tangazo liitwalo ClassCastException. Hakuna njia ya kawaida ya kukwepa ukaguzi huo. Mwaka 2004 lugha hiyo iliruhusu orodha kutangaza aina ya vitu vinavyowekwa ndani yake, na hivyo sehemu kubwa ya ugeuzaji uliokuwa ukiandikwa kwa mkono haikuhitajika tena. Tangu toleo la 16 la mwaka 2021, kuuliza kama kitu ni cha tabaka fulani na kukipa jina jipya la tabaka hilo ni kitendo kimoja.

C# humpa mtunga programu chaguo wazi. Mabano hutangaza kosa pale dai linaposhindwa. Neno "as" hurudisha utupu. Wengi hudhani "as" ni salama zaidi kwa kuwa haisimamishi programu. Dhana hiyo si sahihi. Mtu akisahau kuangalia kama amerudishiwa utupu, kosa litatokea mbali na mahali lilipozaliwa, na kulitafuta kutakuwa kazi ngumu zaidi.

4. Fundisho la Ariane 5

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya kwanza ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikibeba satelaiti nne za utafiti ziitwazo Cluster. Haikupita dakika moja ikapinduka na kuharibika angani. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti yake tarehe 19 Julai mwaka huo huo.

Chanzo kilikuwa ugeuzaji mmoja. Programu ya chombo cha kupima mwelekeo, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, iligeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32.767. Programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, ambako thamani hiyo haikuwahi kufika mbali hivyo. Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa kasi zaidi wa mlalo, na namba ikazidi chombo chake. Kompyuta ya akiba ilikuwa na programu ile ile, nayo ilikuwa imekwisha kusimama kwa sababu ile ile sehemu ndogo ya sekunde kabla.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa. Kwanza, hatari ilikuwa imefikiriwa: kati ya thamani saba zilizoonekana kuwa na hatari hiyo, nne zilikingwa na tatu ziliachwa, ili kompyuta isilemewe na kazi. Pili, chombo kilichoshindwa kilituma taarifa ya hitilafu yake, na kompyuta kuu ikaisoma taarifa hiyo kana kwamba ni vipimo vya safari, ikaamuru injini zigeuke ghafla. Yaani biti za aina moja zilisomwa kwa aina nyingine bila kuuliza. Kosa hilo halikuhusu matabaka wala urithi, lakini asili yake ni moja na yale yaliyoelezwa hapo juu: dai lililokubaliwa bila ushahidi.

5. Vigezo vya kuchagua

Kutokana na hayo, mtunga programu ana maswali manne ya kujiuliza kwa mpangilio.

a) Je, ugeuzaji wahitajika kweli? Mara nyingi, badala ya kuuliza "huyu ni mwalimu au mwanafunzi?", yafaa kuliwekea tabaka "Mtu" mbinu ambayo kila mrithi ataitekeleza kwa namna yake. Kitu hujibu chenyewe, na swali la aina hutoweka.

b) Je, thamani yaweza kupotea? Ikiwa chombo kipya ni kidogo kuliko cha kwanza, mipaka ipimwe kabla ya kugeuza, na ugeuzaji uahirishwe hadi mwisho wa hesabu.

c) Je, ukweli wa dai wajulikana mapema? Ukijulikana, static_cast yatosha. Usipojulikana, ukaguzi wa wakati wa kuendesha ni wa lazima, hata ukigharimu muda.

d) Je, kushindwa ni jambo la kawaida au ni dalili ya kosa? Kukiwa jambo la kawaida, itumike njia inayorudisha utupu, na utupu huo uangaliwe papo hapo. Kukiwa dalili ya kosa, itumike njia inayotangaza kosa, na mahali pa kulipokea tangazo hilo paandaliwe.

Hitimisho

Lugha ya programu yaweza kukagua maumbo. Haiwezi kujua nia. Kila ugeuzaji ni ahadi ambayo mtunga programu anaitoa kuhusu kitu asichokiona wakati anapoandika, na huenda ahadi hiyo ikatumiwa miaka mingi baadaye, katika mashine nyingine, na watu wasiomjua. Kwa hiyo, njia bora si ile fupi kuandikwa, bali ile inayomwonyesha msomaji anayefuata ni ahadi gani iliyotolewa, na itakuwaje isipotimizwa.