Siku Moja Haimtoshi Dereva wa Tunduma

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya bibi mmoja. Jina lake Desiline Victor, mzaliwa wa Haiti. Alihamia Marekani, akafanya vibarua vya shamba katika jimbo la Florida, na uraia aliupata uzeeni. Oktoba 2012, akiwa na umri wa miaka 102, alitoka nyumbani kwake karibu na Miami kwenda kupiga kura. Siku yenyewe ya uchaguzi ilikuwa bado. Kule vituo hufunguliwa siku kadhaa kabla, ili anayetaka apige mapema.

Alikuta umati. Akasimama saa na saa, kwa miguu iliyokwishatembea karne nzima, mpaka akaambiwa arudi baadaye. Akarudi jioni, akapiga. Februari 2013 Rais Barack Obama alikisimulia kisa hicho mbele ya Bunge la nchi yake, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa jukwaani juu kama mgeni. Wabunge wakasimama wakampigia makofi.

Makofi ni mazuri, lakini mtoto mwerevu atauliza: foleni ile ilitoka wapi?

Mwaka 2011 wakubwa wa Florida walibadilisha sheria. Siku za kura ya mapema zilikuwa 14, wakazikata zikawa 8, na Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi wakaifuta. Jumapili hiyo ilikuwa na wenyewe. Makanisa ya Wamarekani weusi yalikuwa na desturi: ibada ikiisha, waumini wanapanda mabasi pamoja, wazee kwa vijana, wanakwenda vituoni. Wengi wao ni watu wa zamu, wapishi, wafagiaji, wauguzi. Jumanne ya uchaguzi wako kazini. Ukiwaondolea Jumapili, umewaondolea nafasi, na hukumgusa mtu hata kwa kidole.

Katika jimbo la North Carolina jambo lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 siku 17 zilipunguzwa hadi 10. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2016 majaji wa rufaa wakaibatilisha sheria ile. Walikuta kwamba watunga sheria walianza kwa kuomba takwimu za namna watu weusi na weupe wanavyopiga kura, kisha wakakata yale yale ambayo weusi huyatumia zaidi.

Zamani njia ya kuwazuia watu ilikuwa ya wazi. Kabla ya sheria ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965, mtu mweusi wa kusini mwa Marekani aliweza kutakiwa afanye mtihani wa kusoma ndipo aandikishwe. Na msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Hapa kwetu Tanganyika, katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, Mwingereza alitaka mpiga kura awe na elimu fulani, au cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Babu zetu waliolima mahindi na kahawa Mbozi wangezitoa wapi? Haki ilikuwepo, na mlango ulikuwepo, ila kizingiti kiliwekwa juu kuliko miguu yao.

Sasa njooni Tunduma.

Mnaijua barabara inayotoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 900, inaishia hapa geti la mpakani. Mnaijua foleni ya malori inayoanza mbali, wakati mwingine kutokea upande wa Mpemba, na mama zetu wanaowauzia madereva na matanboi wali na maharage kando ya matairi. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wetu wa Songwe una watu 1,344,687. Sehemu kubwa ya watu wa Tunduma wanaishi kwa mwendo: dereva, mbadilisha kwacha, mama anayevusha nguo Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi na kurudi jioni, kijana wa bodaboda, wakala wa forodha.

Mpiga kura wa Tanzania Bara kwa kawaida hupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Aliyehama anaweza kuhamisha taarifa zake Daftari la Kudumu linapoboreshwa. Lakini dereva hakuhama. Nyumba yake iko Sogea, hapa hapa Tunduma, mke na watoto wako Sogea, jina lake limebandikwa kituoni Sogea. Yeye tu ndiye yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, amelala chini ya trela akisubiri karatasi za mzigo. Vituo vikifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, hana njia.

Jirani zetu wa Nakonde hupewa saa 12 za kupiga kura, kuanzia alfajiri hadi machweo. Sisi tuna saa 9. Ni kweli kwamba aliyekwisha kuingia kwenye foleni saa kumi ikigonga haachwi. Hata hivyo mama lishe ambaye wateja wake wanakula saa mbili na saa saba anajua saa 9 zinavyokwisha.

Mtaniambia: babu, si siku hiyo ni mapumziko? Ndiyo. Oktoba 28, 2020 na Oktoba 29, 2025 zote zilikuwa Jumatano, na Serikali ilizitangaza siku za mapumziko. Mapumziko humfaa mwenye mshahara: anakaa nyumbani na mwisho wa mwezi haukatwi. Mama lishe akifunga jiko, siku hiyo watoto wake hawana kitu. Dereva akisimamisha lori, tajiri anapiga simu. Sipendi tunapomwita mtu wa namna hii mvivu wa kupiga kura.

Tena Songwe si Tunduma peke yake. Teremkeni bonde la Kamsamba, wilayani Momba, mkamtazame mkulima wa mpunga ambaye shamba liko mbali na kitongoji chake. Nendeni Mkwajuni kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wengi wao wana kadi za mikoa mingine. Oktoba barabara bado ni kavu, hiyo ni nafuu. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliangukia wakati watu wanasubiri mvua za kupandia.

Nikifika hapa huwa naambiwa kwamba kura ya mapema ni mambo ya Wazungu, haiwezekani kwetu. Imeshawezekana, tena ndani ya Jamhuri yetu hii. Zanzibar iliiweka katika Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2018. Ilitumika Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya wengine, na tena Oktoba 28, 2025. Wanaoruhusiwa ni wachache: askari na watendaji wa uchaguzi, watu ambao siku ya kura watakuwa kazini wakilinda au wakisimamia, hawawezi kupanga foleni.

Hapo ndipo nataka mtege masikio. Sheria ile imekubali jambo moja kubwa, kwamba kazi inaweza kumzuia raia kupiga kura, na kwamba hilo likitokea ni wajibu wa Serikali kumtafutia siku nyingine. Nakubaliana nayo kabisa. Ila ikiwa kazi ya askari ni udhuru, kazi ya anayevusha mafuta na shaba za nchi tatu haiwi udhuru kwa nini? Muuguzi wa zamu katika hospitali ya Vwawa je? Utingo wa basi la usiku?

Afrika Kusini wameipanua nafasi hiyo. Uchaguzi wao wa 2024 ulikuwa Mei 29, lakini Mei 27 na 28 waliokuwa wameomba mapema kura maalumu walipiga, na maofisa wakawafuata nyumbani wagonjwa na wasiojiweza. Karatasi huingia katika bahasha isiyo na jina, nayo bahasha hiyo huingia katika nyingine yenye jina. Jina linakaguliwa kwenye daftari, bahasha ya nje inatolewa, na ya ndani inachanganywa na nyingine. Hivyo siri inalindwa na mtu hapigi mara mbili.

Hofu ipo, nami siidharau. Sanduku likilala usiku mmoja, nani amelala nalo? Zanzibar chama cha ACT-Wazalendo kimeipinga kura ya mapema kwa sababu hiyo hiyo, kikisema inafungua mlango wa wizi. Wala siwezi kuwasimulia habari za kura nikairuka Oktoba 29, 2025. Chama cha upinzani CHADEMA hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, maandamano yakazuka, watu wakauawa, intaneti ikazimwa. Baada ya siku kama hiyo, ukimwambia mtu wa Tunduma kwamba tunamwongezea siku ya kupiga kura, ana haki ya kuuliza anaongezewa siku ya kumchagua nani.

Kwa hiyo mimi nayataka yote mawili kwa pamoja. Nataka wagombea wote waruhusiwe kusimama, na nataka mtu wa barabarani afike kwenye sanduku. Kura ya mapema bila mawakala wa vyama vyote ndani ya chumba, bila lakiri zenye namba ambazo kila wakala amezinakili, bila orodha ya waliokwisha kupiga kubandikwa mlangoni, siitaki. Yakiwepo hayo, naona kituo kimoja cha kuanzia hapa hapa karibu na forodha, na kingine stendi ya mabasi, vikifunguliwa siku tatu kabla kwa wenye barua ya safari au zamu.

Sheria ya uchaguzi ya Bara hutungwa bungeni Dodoma, na Songwe ina majimbo sita: Tunduma, Momba, Mbozi, Vwawa, Ileje na Songwe. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030, na aliyezaliwa kabla ya Oktoba 2012 atakuwa ametimiza miaka 18. Wengi wenu mmo humo. Mgombea akija kwenye mkutano wa hadhara Tunduma, akamaliza kuahidi lami na maji, nyosheni mikono. Muulizeni siku ile baba akiwa Kasumbalesa atapigia kura wapi, kisha msikae chini mpaka ataje kifungu anachotaka kukibadilisha.