Mkungu wa Jirani na Ndoa Yangu

Wiki mbili hatukusemezana. Halafu mti wa nyumba ya pili ukaanza kupukutisha majani.

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuishi Kariakoo mwezi wa Februari, sina haja ya kukusimulia joto lake. Fleti yetu ipo ghorofa ya tano. Jua la asubuhi linaingia jikoni, la jioni linaingia chumbani, na feni kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Saa saba za usiku mnageukiana migongo. Si kwamba mmenuniana. Ni kwamba hakuna anayetaka kuguswa.

Ila sisi, Februari ya mwaka jana, tulinuniana kweli.

Chanzo ni kiwanja. Kwa miaka mitatu tulijibana: pesa zangu za mchezo wa ofisini, mkopo wake wa kazini, hakuna harusi tuliyochangia zaidi ya kima cha chini. Mwisho tukapata kiwanja Kigamboni. Mume wangu akataka tusafishe na kuanza msingi hapo hapo, mwakani tuwe tumehama. Mimi ni mtoto wa mjini. Nikitoka mlangoni nina muuza kahawa, nina duka la vitambaa, nina mangi wa kunikopesha yai moja. Nikamwambia sihami.

"Hapa hakuna maisha," akanijibu. "Chini zege, pembeni zege, juu kunguru. Mtoto akizaliwa hapa atajua mdudu gani zaidi ya mende?"

Hilo neno "mtoto" ndilo lililonichoma. Tulikuwa na mwaka wa nne kwenye ndoa, na mashangazi wa pande zote mbili walishaanza kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia usoni. Najua hakukusudia. Lakini nilinyanyuka, nikafunga mlango wa chumbani, na kwa wiki mbili mazungumzo yetu yakawa haya: "Chumvi iko wapi?" "Palepale."

Majani mekundu

Jumapili moja asubuhi nilisimama dirishani na kikombe cha chai. Chini yetu kuna moja ya zile nyumba za Kiswahili chache zilizobaki, bati lenye kutu, uani wazi, na katikati ya uani mkungu. Sisemi mkungu wa ndizi. Nasema ule mti wenye matawi yaliyotandaa kama sinia juu ya sinia, ambao watoto wa zamani walikuwa wakigonga kungu zake kwa jiwe kupata kiini.

Majani yake yalikuwa yamegeuka mekundu. Mti mzima, kama mtu kaufunika khanga. Upepo wa kaskazi ukipita, yanaanguka matano, sita, yanatua kwenye bati kwa mlio mkavu. Nimeishi juu ya mti ule miaka minne na sikuwahi kuuona.

"Ule mti unaumwa?" Alikuwa nyuma yangu.

"Sijui."

Tukashuka kumuuliza bibi wa ghorofa ya kwanza, ambaye anaijua Kariakoo tangu haina hata ghorofa moja mtaani kwetu. Tukampa shikamoo yake, akacheka. "Unaumwa nini, wajukuu zangu? Unavua nguo kuukuu. Kila mwaka joto likikaribia kwisha unavua, mvua zikija unakuta umeshavaa mpya. Nyie mnapita tu na masimu yenu."

Tukipanda ngazi kurudi, mume wangu akasema, kama mtu anayeongea peke yake, "Sasa huo ni mti mmoja. Bado nasema hapa hakuna maisha."

Hapo ndipo tulipowekeana dau. Tukanunua kaunta buku. Tuhesabu kila chenye uhai tunachokiona kuzunguka jengo letu mpaka mvua ya kwanza ya masika. Wasipofika ishirini, nahama bila neno. Wakifika, tunakaa chini na kulizungumza upya. Mende hahesabiwi.

Kunguru naye ana kwao

Namba moja alikuwa mkungu. Namba mbili, kwa shingo upande, kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, akazipenda taka, akavuka bahari na kuteka pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana ndege wadogo ni wachache mjini, na ndiyo maana jiji limeshajaribu kumpunguza kwa mitego na kwa sumu. Pamoja na yote hayo, tulipochungulia kiota chake kwenye nguzo mbele ya dirisha letu, tulikuta amekisuka kwa vipande vya waya. Mume wangu alimtazama dume akileta waya na jike akiupanga, akauondoa, akaupanga tena. "Kumbe hata kwao fundi anasumbuliwa," akasema. Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Mjusi kafiri wa jikoni akawa namba sita. Nilikuwa nikimfukuza kwa ufagio. Baada ya kumwona usiku mmoja akimaliza mbu mmoja baada ya mwingine karibu na taa, nilimwachia ukuta wake. Anatembea darini kichwa chini kwa sababu nyayo zake zimejaa vinyweleo vidogo mno vinavyonasa pale anapokanyaga.

Saa mbili usiku walikuja popo, wale wakubwa wala matunda. Wanachuma kungu mkunguni, wanakula nyama ya juu, kokwa wanaidondosha. Kwa miaka minne tulikuwa tukimlaumu mtoto wa ghorofa ya sita kwa kutupa mawe juu ya gari la jirani. Mtoto wa watu hana kosa.

Na soko nalo lilitusaidia, maana Kariakoo hata bila kalenda unaujua mwezi. Embe dodo zilizokuwa mafungu mafungu Krismasi sasa zinauzwa moja moja tena kwa nyodo. Machungwa ya Muheza bado. Muuza mchicha akatuambia tununue mapema, kwani mvua zikianza bustani za mabondeni zinazama na fungu linapanda bei. Tulikuwa tunaenda sokoni pamoja sasa. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Abiria wa gramu ishirini

Katikati ya Machi alirudi kazini jioni akiwa na haraka ya mtu mwenye umbea. Mwendokasi ilisimama kidogo Jangwani, akaona kwenye nyaya mbayuwayu wamejipanga, hawahesabiki. Kesho yake, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, tulikutana pale kuwaangalia.

Hawa wanakuja kwetu Ulaya ikiingia baridi, na kaskazi ikiisha wanaanza kurudi kwao kuzaa. Mmoja ana uzito wa gramu ishirini hivi, na anavuka jangwa la Sahara. Zamani watu hawakuamini. Mpaka mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Uingereza mwaka 1911 alipopatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, pete ikiwa bado mguuni.

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara tukila mihogo. Bila kupanga, nikamwambia kuhusu mashangazi. Kuhusu lile neno lake. Nilimwambia naogopa Kigamboni kwa sababu nyumba ya vyumba vinne ina vyumba viwili vya kuniuliza swali moja kila siku. Hakujitetea. Akasema, "Na mimi naulizwa. Nilidhani ukiwa mbali na wanaouliza utapumua." Miaka minne, mpenzi msomaji, na hilo hatukuwahi kuambiana.

Mbayuwayu walikuwa namba kumi na tisa. Siku mbili baadaye siafu wa ngazini wakatimiza ishirini. Hakuna aliyedai ushindi.

Siku ya msumeno

Wiki iliyofuata tuliamshwa na msumeno wa mashine. Nyumba ya bati ilikuwa imeuzwa, na mwenye kiwanja alitaka kuwahi kuchimba msingi kabla ya mvua. Sina ugomvi naye. Ni mali yake, na huenda nami ningekuwa na kiwanja Kariakoo ningepandisha ghorofa kumi. Kufikia saa sita mchana mkungu ulikuwa magogo. Ulikuwa umeshaanza kutoa majani mapya, ya kijani laini.

Saa mbili usiku popo walikuja kama kawaida. Wakazunguka pale juu ambapo hapakuwa na kitu, wakazunguka tena, wakaondoka. Mume wangu alisimama dirishani muda mrefu.

"Unajua," akasema, "mtaa ule pale unaitwa Mkunguni."

Tukaanza kuorodhesha. Mkunguni. Mtaa wa Mchikichi. Mnazi Mmoja. Mwembechai. Mikocheni. Mabibo. Jiji hili wazee walilipa majina kwa miti waliyoiona, na sisi tumebaki na majina. Mtoto anapanda daladala ya Mabibo hajui kwamba bibo ni lile tunda la korosho.

Halafu akauliza, "Ile namba ya jamaa wa katapila unayo?"

Nilikuwa nimesahau. Jumamosi ile ndiyo siku aliyopanga kusafisha kiwanja. Na mnajua kusafisha kiwanja kwetu maana yake nini. Katapila linaingia saa mbili, saa nne hakuna hata jani, mwenye kiwanja anapiga picha ya udongo mwekundu na kuwatumia ndugu. Baadaye anaenda kununua mche wa mwembe.

Akampigia. Akasema tusogeze mbele.

Kiwanjani na kaunta buku

Jumamosi tulivuka kwa pantoni, yangeyange weupe wakirandaranda upande wa soko la samaki, kaunta buku mkononi. Hii ilikuwa mara yangu ya pili tu kufika kiwanjani kwangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilibaki garini kwa hasira.

Tulihesabu miti. Mkwaju mmoja mkubwa, mikorosho miwili, mwembe mmoja uliopinda. Chini ya mkwaju kulikuwa na baridi, mpenzi msomaji, baridi ya kweli, na mimi nilitoka kwenye feni inayohamisha joto. Fundi alikuja na ramani, akatuonyesha sebule inakaa juu ya mkwaju.

"Isogee," mume wangu akamwambia.

Fundi akatutazama kama watu waliokunywa. Kusogeza maana yake kupima upya, na pesa. Tulibishana chini ya ule mkwaju, lakini safari hii tulikuwa upande mmoja. Mwisho nyumba ikasogea mita nne. Mkorosho mmoja ulikwenda, hatukuweza kuuokoa. Mkwaju, mwembe na mkorosho wa pili vipo.

Na mimi? Nilikubali kuhama, kwa masharti: si mpaka nyumba iwe na mlango na maji, na Jumamosi moja kila mwezi narudi Kariakoo kwa muuza kahawa wangu. Hivi sasa ninapoandika, nyumba imefika kwenye lenta na pesa imekata. Bado tupo ghorofa ya tano.

Mvua ya kwanza

Ilinyesha usiku wa siku nne baadaye. Ilipokatika, taa ya barabarani ikazingirwa na kumbikumbi. Watoto wakatoka na ndoo, bibi wa ghorofa ya kwanza akaagiza aletewe sahani ya kukaanga.

Sisi tulikuwa tukiwatazama waliotua kwenye baraza letu. Kumbikumbi akitua anayaangusha mabawa. Dume na jike wanafuatana, mmoja nyuma ya mwingine, wanatafuta udongo, wanachimba, wanajifungia wawili tu. Wengi wanaliwa kabla hawajafika popote. Wanaofanikiwa wanabaki pamoja mle ndani kwa miaka, mfalme na malkia.

Kwenye baraza letu hakuna udongo. Mume wangu akachukua kile kipande cha gazeti, akawachota wale wawili waliokuwa wakizunguka tu kwenye vigae, akashuka nao ngazi zote tano mpaka uani kwa jirani, palipokuwa na shina la mkungu. Alirudi analowa miguu.

"Namba ishirini na nne," akasema. Nikaandika.

Mkitaka kujaribu

• Nunueni daftari moja, si mawili. Kila mmoja aandike kwa mwandiko wake kwenye ukurasa uleule.

• Anzeni na dirisha moja kwa dakika kumi kila jioni, simu zikiwa chumba kingine.

• Msichokijua jina, muulizeni mtu mzima wa mtaani. Mtapata jina na hadithi juu.

• Mkiwa na kiwanja, hesabuni miti kabla ya kuchora ramani. Kumpa fundi ramani mpya ni gharama. Kungoja mkwaju ukue ni miaka mingi zaidi ya mkopo wenu.

• Mkinuniana, endeleeni kuhesabu. Hakuna anayelazimika kuanza kuomba msamaha. Inatosha mmoja kuuliza, "Ule mti unaumwa?"