Roketi za Nyuklia (Sehemu ya 2): Gesi ya Majaribio Huenda Wapi?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi injini ya roketi ya nyuklia inavyofanya kazi. Haidrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, hupitishwa ndani ya kinu cha urani, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 2,000 na kufyatuka nyuma kwa kasi ambayo roketi za kawaida hazifikii. Leo tunauliza: injini kama hiyo hujaribiwaje ardhini bila kudhuru watu?

Sisi wa Eastlands, Nairobi, tuna haki ya kuuliza. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kwenye bomba ilifuata mtaro hadi kwenye nyumba za mtaa wa Sinai, na watu wapatao 100 wakafa motoni. Februari 1, 2024, usiku, lori la gesi lililipuka Mradi, Embakasi, mahali ambapo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi, sababu mojawapo ikiwa msongamano wa wakazi. Mara zote mbili, kitu hatari kilitoka mahali pake kikawakuta watu jirani. Kwa hiyo jaribio lolote la nyuklia lipimwe kwa maswali mawili: nini kinatoka, na nani anaishi karibu?

Swali la pili Wamarekani walilijibu kwa jangwa. Kuanzia 1959 hadi 1972, katika mradi wa Rover, walijaribu vinu kama 20 huko Jackass Flats, Nevada. Kinu kililetwa kwa reli, mdomo ukielekezwa juu, na wahandisi walikiendesha kutoka mbali. Baadaye kilivutwa hadi kwenye jengo la kuta nene, kikafunguliwa kwa mikono ya mashine.

Swali la kwanza lilibaki wazi, maana gesi ilipulizwa moja kwa moja hewani. Urani ilikuwa ndani ya grafiti, na haidrojeni yenye joto kali huila grafiti, hivyo chembe zenye mionzi ziliweza kutoka nayo. Mwaka 1962 mtikisiko ulivunja kiini cha kinu cha Kiwi B4A, vipande vikarushwa nje pamoja na mwali. Juni 1965 kinu cha Phoebus 1A kiliishiwa haidrojeni kikiwa bado kinawaka. Kiini kikapata joto kupita kiasi na kuharibika, na eneo likahitaji kusafishwa mionzi.

Ndipo mwaka 1972 kinu kidogo kilichoitwa Nuclear Furnace kikaonyesha njia: gesi yake ilipozwa, ikachujwa, kisha ikaachiliwa. Lakini kilikuwa na megawati 44 tu, ilhali Phoebus 2A ilivuka megawati 4,000 mwaka 1968. Kuchuja gesi ya injini kubwa kunahitaji mitambo mikubwa na fedha nyingi.

Leo wataalamu wana njia kadhaa. Huko Huntsville, Alabama, NASA hupasha joto vijiti vya fueli ya nyuklia kwa umeme, bila kuwasha kinu. Hilo hupunguza makosa kabla ya jaribio lenyewe. Wengine wamependekeza gesi ipulizwe kwenye mashimo marefu ili ardhi iichuje. Wengine wanataka haidrojeni ichomwe kwa oksijeni, mvuke upozwe uwe maji, nayo yawekwe kwenye matangi na kupimwa.

Naunga mkono njia hii ya mwisho. Gesi ikishaingia ardhini hakuna awezaye kuirudisha, lakini maji ya tangi hayatoki hadi mpimaji aseme yatoke. Gharama yake kubwa ndiyo bei halali ya jaribio, na isihamishiwe kwenye mapafu ya majirani.

Kenya haina injini hizi. Hata hivyo ina mpango wa umeme wa nyuklia, na ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. Mkazi wa Kayole, Dandora au Uyombo (Kilifi, palipopendekezwa kituo cha nyuklia) hahitaji shahada ya fizikia ili kuwabana wakubwa kwa maswali yale mawili, na majibu ayapate kabla msingi haujachimbwa. Wiki ijayo tutaifungua sheria hiyo tuone inampa mwananchi nafasi gani ya kuuliza.