Kazuri: Udogo Usio na Dharau

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo hunijia kila nionapo shanga za Kazuri shingoni mwa watu wenye uwezo. Shanga hizo hufinyangwa kwa mikono huko Karen, Nairobi, kwa udongo utokao sehemu za Mlima Kenya, kisha huchomwa tanuuni na kutiwa rangi. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Hatimaye iliajiri mamia.

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, kilichonivuta kwanza ni jina. Linakusudiwa kumaanisha kitu kidogo na kizuri. Katika Kiswahili sanifu, udogo aghalabu huonyeshwa kwa ki-, kama katika kijiji au kilima. Kiambishi ka- nacho hufundishwa shuleni katika ngeli ya KA-TU, lakini wengi wetu hukitumia kudunisha: kajitu, kanyumba. Wakikuyu, kwa upande wao, humwita mtoto mchanga kaana bila kumdharau. Katika jina Kazuri, ka- imeandamana na uzuri, na dharau imetoweka.

La kusikitisha ni kwamba ufinyanzi wenyewe haujaepushwa na dharau hiyo. Twauita kazi ya mikono tu, kana kwamba akili haikuhusika. Je, anayejua udongo upi utapasuka motoni na upi utastahimili, hana elimu? Katika jamii zetu nyingi elimu hiyo ilihifadhiwa na wanawake, nayo ni kongwe. Chungu cha Waswahili na nyungu ya Wakikuyu ni maneno ya shina moja, -ungu, lililotamkwa karne nyingi kabla ya Nairobi kujengwa. Ushanga wa leo ni mjukuu wa chungu hicho.

Mchoraji hutia sahihi kwenye picha yake, na mshairi hutaja jina lake katika beti za tamati. Kwa nini mfinyanzi asijulikane? Basi, msomaji, ununuapo ushanga wa udongo, popote pale, uliza ni nani aliyeufinyanga. Nanyi walimu, watumeni wanafunzi kwa nyanya zao wakaandike majina ya vyungu, ya aina za udongo na ya zana za kufinyangia, kwa lugha za nyumbani na kwa Kiswahili. Udongo uwahi ungali maji.