Kompyuta ya michezo: tununue iliyo tayari ao tuunganishe wenyewe?



Wiki iliyopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma. Anauza unga sokoni, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, na zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika: dola 400 mkononi. Kijana wake wa kwanza anamuomba kompyuta ya kuchezea michezo. «Nyinyi mungefanya nini?» alituuliza. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, sababu wengi wetu tuko na mtoto anayeomba kitu hicho hicho.

Swali letu la kwanza lilikuwa hili: makuta ya masomo ya wadogo yako pembeni? Alijibu ndiyo. Angejibu hapana, habari ingeishia hapo. Basi tukaenda naye mjini, pamoja na kijana na fundi mmoja tunayemwamini.

Ile iliyo tayari

Katika duka la kwanza tulionyeshwa mashine nzuri yenye taa za rangi, dola 450. Uzuri wa kununua iliyo tayari ni kwamba unaipeleka nyumbani, unaiwasha, na ikiharibika unajua mlango wa kugonga. Lakini taa hazichezi mchezo. Kinachochora picha za mchezo ni kadi ya picha, na kinacholisha mashine yote ni alimentasyo. Muuzaji mwenye kutaka kupunguza gharama anapunguza mara nyingi hapo, mahali macho ya mama hayafiki. Tuliomba kifuniko kifunguliwe. Muuzaji alikataa. Tulishukuru, tukatoka.

Ile ya kuunganisha

Kijana alikuwa na karatasi yake: prosesa, ubao mama, kumbukumbu, diski, alimentasyo, kasha, kadi ya picha. Kwa njia hii unachagua kila kitu, na kesho unabadilisha kimoja bila kutupa vingine. Unaweza hata kuanza bila kadi ya picha, kwa prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G. Inatosha kwa michezo myepesi, na kadi inaongezwa makuta yakipatikana.

Kwenye karatasi bei ilikuwa nzuri. Lakini vitu vingine vilipaswa kuagizwa Dubai, kisha kuna usafiri na ushuru wa Kasumbalesa. Na mashine isipowaka, nani atajibu? Mwenye ubao mama atasema ni kumbukumbu, mwenye kumbukumbu atasema ni alimentasyo. Fundi anahitaji vipande vingine vya kujaribia ili ajue mgonjwa ni nani. Kwa mama asiye na dola za ziada, hatari hiyo ni kubwa.

Njia ya katikati

Fundi alituonyesha njia ya tatu: kununua kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kama Dell OptiPlex ao HP, na kuiongezea kadi ya picha. Nusu iko tayari, nusu unaunganisha. Alitufundisha kuangalia mambo haya:

Umri wa prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea. Kwenye i5-8500, ile 8 ya mbele ndiyo kizazi.

Urefu wa kasha. Chukua lile refu. Ndani ya lile jembamba, kadi ya kawaida haiingii.

Nguvu ya umeme. Mashine nyingi za ofisi ziko na alimentasyo ya umbo lake pekee, si rahisi kuibadilisha. Kwa hiyo tafuta kadi ya wati 75, isiyohitaji waya wa ziada, kama aina nyingi za GTX 1650.

Ukweli wa kadi. Kuna kadi za zamani zinazobadilishwa jina ili zionekane mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inasaidia kuzitambua. Na mchezo uchezwe palepale dukani nusu saa kabla ya makuta kutoka mkobani.

Mama alilipa dola 190 kwa mashine, 110 kwa kadi, na 20 kwa kumbukumbu ya pili. Kioo hakununua: wanatumia televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Hiyo iliokoa makuta, na tena mama anaona mtoto anacheza nini na mpaka saa ngapi.

Dola 60 zilikwenda kwa onduleri. Wamama, hiyo si anasa. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu, na mashine bila kinga inaweza kuungua siku moja. Tusisahau pia intaneti: mchezo mmoja mkubwa unaweza kuzidi gigabaiti 100. Kabla ya kununua, mujue michezo itatoka wapi.

Dola 20 zilizobaki zilirudi katika unga. Kijana alikubali masharti mawili: mpaka mtihani wa Serikali upite, michezo ni Jumamosi tu, na mashine hiyo hiyo itawafundisha wadogo zake kuandika na kupiga hesabu. Sisi pia tumepata faida, sababu ameahidi kuweka daftari la likelemba yetu ndani yake.

Kwa hiyo, mama, mtoto akikuletea ombi hilo, usiulize tu bei. Uliza: inafunguka? Inabadilishika? Ikikufa kesho, nani ataipokea? Muuzaji asiyejibu maswali haya matatu, umuachie taa zake.

Mukae salama, na tuonane mkutanoni.